Kulizuia Gari Lisiibwe au Kulifuata Likishaibwa: Ulinganisho wa Mifumo ya Kielektroniki

Anayeingia dukani kutafuta kifaa cha kulinda gari huulizwa kwanza ana bajeti ya kiasi gani, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni gari lake linaweza kuibwa kwa njia ipi. Magari huondoka mikononi mwa wenyewe kwa njia tatu zisizofanana. Ya kwanza ni wizi wa kimyakimya, ambapo gari limeegeshwa nyumbani, sokoni au nje ya ukumbi wa harusi, na mwizi analiwasha bila ufunguo halali. Ya pili ni utekaji, ambapo dereva anashushwa kwa nguvu na kuacha ufunguo ukiwa ndani na injini ikinguruma. Ya tatu, ambayo wenye magari ya kukodisha wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala wanaijua vyema, ni usaliti wa aliyekabidhiwa: mteja aliyechukua gari kwa siku mbili harudi, au kijana aliyekopeshwa pikipiki anahama nayo mkoa kabla hajamaliza marejesho.

Hakuna kifaa kimoja kinachozijibu njia hizo zote kwa nguvu sawa. Msimamo wa ulinganisho huu ni kwamba kulizuia gari lisiwake kuna thamani kubwa kuliko kujua liliko, isipokuwa pale ambapo mwizi tayari anao ufunguo, na kwamba wengi wa wanaonunua kifaa cha kufuatilia gari, yaani traka, wanaanza na kitu cha pili kabla ya cha kwanza.

Imobilaiza iliyotoka kiwandani

Imobilaiza ni mfumo unaozuia injini isiwake bila ufunguo halali. Katika kichwa cha ufunguo wa gari lenye mfumo huo kuna chipu ndogo isiyohitaji betri. Ufunguo unapoingizwa, koili iliyozunguka swichi ya kuwashia huipa chipu hiyo nguvu na kuiuliza swali la siri, na jibu lisipokuwa sahihi kompyuta ya injini hukataa kuruhusu mafuta au cheche. Umoja wa Ulaya ulifanya kifaa hiki kuwa cha lazima kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, Australia ikafuata mwaka 2001, na Canada Septemba 2007. Marekani haikuwahi kuweka sharti hilo, na matokeo yake yalionekana wazi miaka ya karibuni. Kia na Hyundai nyingi zilizouzwa huko kati ya 2011 na 2021, zile za kuwashwa kwa ufunguo wa chuma, hazikuwa na imobilaiza. Vijana wa Milwaukee waligundua kwamba ukibomoa kifuniko kilicho chini ya usukani unaweza kuzungusha swichi kwa kichwa cha waya wa USB, na kufikia 2022 mbinu hiyo ilikuwa imesambaa nchi nzima kupitia TikTok. Nchini Canada, ambako sheria iliwalazimisha watengenezaji haohao kuweka chipu, mbinu hiyo haikufua dafu. Mwaka 2023 kampuni hizo zilitoa sasisho la programu kwa magari yapatayo milioni 8.3 ya Marekani, lililorefusha mlio wa king'ora kutoka sekunde 30 hadi dakika moja na kuhitaji ufunguo uwepo ndipo gari liwake. Ni vigumu kupata ushahidi ulio bayana zaidi wa thamani ya chipu hiyo.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya magari madogo huja kutoka Japani yakiwa yameshatumika, jambo hili linahitaji uangalizi, kwa sababu aina moja ya gari inaweza kuwa na imobilaiza katika toleo moja na kuikosa katika toleo jingine, kulingana na mwaka na daraja la gari. Njia ya kujua ni rahisi. Tazama dashibodi gari likiwa limezimwa: taa ndogo nyekundu yenye alama ya ufunguo au kufuli inayomweka polepole huonyesha kwamba mfumo upo. Kisha mwulize mchonga funguo. Ikiwa nakala ya chuma tupu isiyofanyiwa programu yoyote inaliwasha gari, basi gari halina kinga hiyo. Kuna hali ya tatu ambayo wanunuzi wengi hawaifikirii: mmiliki wa awali alipoteza funguo, na fundi, ili kuepuka gharama ya kusajili ufunguo mpya, akaichukua chipu moja na kuigandisha kwa gundi karibu na koili chini ya usukani. Taa itaendelea kumweka kama kawaida, lakini ufunguo wowote uliochongwa mtaani utaliwasha gari. Kabla ya kutumia shilingi moja kwenye kifaa kingine, inafaa fundi umeme wa magari afungue kifuniko hicho na kutazama.

Hata imobilaiza nzima ina mipaka yake. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na maabara ya RSA walionyesha kwamba chipu ya Texas Instruments yenye siri ya biti 40, iliyotumiwa katika mamilioni ya funguo, iliweza kunakiliwa. Mwaka 2013 mahakama ya London, kwa ombi la Volkswagen, ilizuia kuchapishwa kwa utafiti juu ya udhaifu wa chipu ya Megamos, nao ukaja kutoka mwaka 2015. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya KU Leuven na Birmingham walieleza kwamba funguo kadhaa za Toyota, Hyundai na Kia, ingawa zilitumia chipu yenye nguvu zaidi, zilitengenezewa siri kwa uzembe kiasi cha kuweza kukisiwa. Mashambulizi ya namna hiyo yanahitaji utaalamu, na mwenye Vitz ya mwaka 2004 hana sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake. Yanayomhusu zaidi mwenye gari jipya la kuwashwa kwa kitufe ni mambo mawili.

La kwanza ni kurefusha mawimbi ya ufunguo. Wezi wawili, mmoja akiwa karibu na mlango wa nyumba na mwingine karibu na gari, hupokea na kurusha tena mawimbi ya ufunguo ulio mezani ndani, na gari huamini kwamba mwenyewe amesimama kando yake. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walilithibitisha jambo hili mwaka 2011 kwa aina 10 za magari. Dawa yake ni nafuu: kifuko cha kuzuia mawimbi, au kuzima mawasiliano ya ufunguo pale kitabu cha gari kinapoeleza namna ya kufanya hivyo. La pili ni kuingiza ujumbe wa uongo katika nyaya za mawasiliano ya ndani ya gari, zinazojulikana kwa mafundi kama CAN. Mwaka 2022 Ian Tabor, mtafiti wa usalama wa magari wa London, aliibiwa Toyota RAV4 yake baada ya wezi kufika kwenye nyaya hizo kupitia taa ya mbele. Mwenzake Ken Tindell alieleza mwaka 2023 jinsi kifaa kilichotumika, kilichofichwa ndani ya gamba la spika ndogo ya muziki, kinavyoidanganya kompyuta kwamba ufunguo umeshathibitishwa. Nchini Japani wenye Land Cruiser na Lexus wanaujua wizi wa namna hii vizuri sana. Hapa chipu ya kiwandani hairukwi kwa kuvunjwa siri yake. Mwizi anapita nyuma yake kabisa.

Kizuizi cha pili: swichi ya siri na imobilaiza ya kuongezwa

Kwa sababu mwizi wa kisasa anajua kiwanda kiliweka nini, nguvu kubwa iko katika kitu ambacho kiwanda hakikuweka. Cha bei ndogo kuliko vyote ni swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya mafuta au wa swichi ya kuwashia. Faida yake ni kwamba hakuna kompyuta ya kuidanganya wala mawimbi ya kurefusha. Mwizi anazungusha ufunguo, injini inakataa, na dakika zinapita. Hasara yake ni watu. Muosha magari, dereva wa zamu na kila fundi aliyewahi kulala chini ya gari hilo hujua swichi iko wapi, na siri inayojulikana na watu sita si siri. Vilevile waya ulioungwa ovyo na kufungwa kwa utepe unaweza kuzima gari katikati ya barabara ya Morogoro, jambo ambalo wamiliki wengi wanalijua kuliko wanavyokijua chanzo chake.

Hatua ya juu yake ni imobilaiza ya ziada ya kielektroniki, ambayo huja kwa sura mbili. Moja humtaka dereva abonyeze mfuatano wa vitufe vilivyomo ndani ya gari, vya dirisha au vya usukani, kabla gari halijaondoka. Nyingine hutafuta kitambulisho kidogo cha redio ambacho dereva hutembea nacho. Katika wizi wa kimyakimya zote mbili zinafaa, na zote hukinga dhidi ya urefushaji wa mawimbi. Zile zilizoundwa vizuri hukinga pia dhidi ya ujumbe wa uongo, kwa kuwa zina kizuizi chao wenyewe kisichosubiri ruhusa ya kompyuta ya kiwandani. Zinatofautiana katika utekaji. Namba ya siri inaweza kudaiwa kwa bunduki. Kitambulisho kilicho mfukoni hubaki na dereva, na gari huzima baada ya kitambo. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuuliza kwa makini kitambo hicho ni cha muda gani, kwa sababu gari linalozima mita 30 kutoka kwa aliyenyang'anywa linamrudishia mtekaji mwenye hasira; mfumo unaosubiri dakika kadhaa, au unaosubiri gari lipunguze mwendo, ni salama zaidi kwa binadamu hata kama unaliacha gari lifike mbali kidogo. Na kitambulisho kilichotundikwa kwenye pete moja na ufunguo ni fedha zilizotupwa.

Kwa gari la kawaida la familia, swichi ya siri iliyofungwa na fundi makini, asiye yule anayelihudumia gari kila mwezi, inashinda traka ya bei ya chini. Wauzaji wengi hawatalisema hilo, kwa kuwa swichi haina malipo ya kila mwaka.

King'ora

King'ora hakizuii gari kuwaka, na masikio ya mjini yameshakizoea. Bado kina kazi mahali ambapo vifaa vingine vyote havina la kusema: wizi wa vioo vya pembeni, taa, redio, tairi na kompyuta ya injini, ambao katika miji yetu humfika mwenye gari mara nyingi kuliko wizi wa gari zima. Anayekinunua na atafute chenye kihisi cha kuinamishwa kwa gari, kinachoshtuka jeki inapoinua upande mmoja au gari linapovutwa, na chenye betri yake ndani ya kengele, kwa sababu king'ora kinachonyamaza mara tu waya wa betri unapokatwa hakina maana.

Traka ya GPS na mtandao wa simu

Hiki ndicho kifaa kinachouzwa zaidi, na ndicho kinachoeleweka vibaya zaidi. Setilaiti za GPS, zilizo umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya ardhi, hazijui gari lako lipo wapi wala hazimwambii mtu yeyote. Kifaa chenyewe hupokea mawimbi yao dhaifu, hukokotoa mahali kilipo, kisha hutuma taarifa hiyo kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Kwa hiyo kina miguu miwili, na kila mguu una namna yake ya kuvunjika. Ndani ya kontena la chuma au gereji ya chini ya jengo mguu wa kwanza hupotea, na kifaa kikiweza kukisia kwa kutumia minara ya simu huweza kukosea kwa mamia ya mita au hata kilomita. Mguu wa pili huvunjwa na kifaa cha kuvuruga mawimbi, ambacho ni haramu katika nchi nyingi lakini wezi hawakiulizii leseni. Mguu huo hujivunja wenyewe pia, tena mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, pale salio au kifurushi cha laini kinapokwisha bila mtu kujua.

Traka zenyewe hazifanani. Ile ya kuchomeka kwenye soketi ya vipimo vya fundi, chini ya usukani, hufungwa kwa dakika moja, na huchomolewa kwa muda huohuo na yeyote anayejua soketi ilipo. Ile ya kuunganishwa kwa nyaya hupata umeme wa gari saa zote na kutuma taarifa kila baada ya sekunde chache, hivyo inafaa kwa ufuatiliaji wa papo kwa papo, lakini mwizi mzoefu huitafuta nyuma ya dashibodi na karibu na betri. Ya tatu ni ile yenye betri yake yenyewe, isiyounganishwa na chochote, inayolala muda mwingi na kuamka mara moja au mbili kwa siku kutuma mahali ilipo. Hiyo haikuonyeshi gari likikimbia, bali ikilala haitoi mawimbi, na kipimo cha kutafuta mawimbi hakiioni. Anayeweza kumudu mbili anafanya vyema kufunga ya nyaya na ya kulala, kila moja sehemu yake, kwa sababu mwizi akishaipata ya kwanza huwa anaacha kutafuta.

Kipengele kinachovutia wengi ni kuzima injini kwa simu. Kwa kawaida fundi hufunga rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, kwenye waya wa pampu ya mafuta, na amri ya mwenyewe huikata. Jambo hili linahitaji tahadhari ambayo maduka huipitia haraka. Injini inayozimwa gari likiwa katika mwendo wa kasi huondoa usaidizi wa usukani, na breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Aliye ndani anaweza kuwa mwizi, lakini anayevuka barabara mbele yake si mwizi. Chagua kifaa kinachokata tu pale mwendo unapokuwa chini ya kiwango kilichowekwa, au kinachozuia gari lisiwake tena baada ya kuzimwa.

Tena anayeweza kulizima gari si wewe peke yako. Julai 2022 kampuni ya BitSight na CISA, shirika la usalama wa mitandao la serikali ya Marekani, walitangaza udhaifu sita katika traka aina ya MiCODUS MV720, mojawapo ikiwa nenosiri kuu moja lililoandikwa ndani ya mfumo, ambalo lingempa mgeni uwezo wa kuona gari lilipo na kulikatia mafuta. Vifaa vya kampuni hiyo vilikadiriwa kuwa milioni 1.5 katika nchi 169. Traka nyingi za bei ya chini huja na nenosiri la 123456, na mafundi wengi hawalibadilishi. Ukifungiwa kifaa, libadilishe siku hiyohiyo, na umuulize muuzaji seva yake inaendeshwa na nani.

Tofauti kubwa kuliko zote, hata hivyo, haipo ndani ya kifaa. Ipo kati ya huduma inayokupa programu ya simu tu na huduma yenye chumba cha kuangalia magari usiku na mchana. Gari likiibwa saa nane usiku, programu ya simu inamtegemea mtu aliyelala. Huduma yenye waangalizi humpigia mteja gari linapotoka nje ya eneo lililowekwa, hushirikiana na polisi, na baadhi zina kikosi chao cha kufuatilia. Kwa yule wa programu tu, kitakachofuata ni kwenda kituoni kupata namba ya OB akiwa Kenya au RB akiwa Tanzania, kisha kumwonyesha askari ramani kwenye simu na kuomba gari la doria ambalo pengine halina mafuta. Kulifuata gari mwenyewe pamoja na ndugu wawili ni jambo ambalo hakuna muuzaji wa kifaa anayepaswa kulipendekeza.

Mfumo wa redio wa polisi

Kabla simu za mkononi hazijaenea, tatizo hili lilikuwa limeshapata jibu lisilohitaji setilaiti. LoJack ilianza kazi jimboni Massachusetts mwaka 1986. Kifaa kidogo kilichofichwa garini hukaa kimya hadi gari liripotiwe kuibwa. Hapo huamshwa na kuanza kurusha mawimbi ya redio katika masafa ya 173.075 MHz, na magari ya polisi yenye vipokezi huyafuata hadi yalipo. Mawimbi hayo hupenya kuta na maegesho ya chini kuliko ya GPS, na si rahisi kuyavuruga kwa vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya kuzuia simu na GPS. Uingereza imekuwa na mfumo wa aina hii tangu 1993 kupitia kampuni ya Tracker.

Wachumi Ian Ayres na Steven Levitt walichapisha mwaka 1998 uchunguzi wao wa LoJack katika miji ya Marekani, na matokeo yao yanastahili kutafakariwa na yeyote anayebandika stika dirishani. Kwa kuwa kifaa hicho hakikuwa na alama yoyote ya nje, mwizi hakuweza kulitofautisha gari lililo nacho na lisilo nacho, na hofu hiyo iliwakinga hata wasionunua: walikadiria kwamba katikati ya miji, kila vifaa vitatu vilivyofungwa vilipunguza wizi wa gari moja kwa mwaka. Stika ya traka hufanya kinyume chake, kwani humwelekeza mwizi kwenye gari la jirani. Anayeibandika hana kosa, lakini ajue pia kwamba mwizi aliyejiandaa hupata taarifa ya bure juu ya kitu cha kutafuta.

Udhaifu wa mfumo wa redio ni kwamba hautoi ramani kwa mwenye gari, na hauna faida yoyote mahali ambapo polisi au kampuni haina vipokezi. Kwa mnunuzi wa Mombasa au Mwanza, muuzaji anayesema kifaa chake kina redio anapaswa kueleza ni nani mwenye vipokezi, vingapi, na viko mji gani. Asipoeleza, mtu achukue kwamba ananunua traka ya kawaida kwa bei ya juu.

Vitambulisho vya Bluetooth

AirTag ya Apple, iliyotoka mwaka 2021, na vifaa vya jamii yake vinavutia kwa sababu havina malipo ya mwezi na betri yake hudumu takriban mwaka mmoja. Jiji la New York liligawa 500 bure mwaka 2023 ili zifichwe kwenye magari. Zinaonekana pale tu simu ya iPhone inapopita karibu, kwa hiyo katikati ya Nairobi zinaweza kusaidia, na kwenye barabara ya vumbi ambako karibu kila mtu ana simu ya Android zinanyamaza. Google ilianzisha mtandao wake wa simu za Android mwaka 2024, na hiyo ni sababu ya kutazama vitambulisho vinavyoutumia badala ya vya Apple. Kizuizi kikubwa ni kwamba, ili kuzuia watu wasifuatiliwe bila ridhaa yao, simu ya mwizi yenyewe humjulisha kwamba kuna kitambulisho kisicho chake kinachosafiri naye. Ni nyongeza ya bei nafuu nyuma ya traka halisi, wala kisichukuliwe kuwa zaidi ya hapo.

Nani achague nini

Mwenye gari binafsi linaloegeshwa nje usiku aanze kwa kuhakiki imobilaiza ya kiwandani, aongeze swichi ya siri au imobilaiza ya kitambulisho, na traka iwe ya tatu. Akiwa na bima kubwa, asome mkataba kwanza, maana kampuni nyingine za bima hutaka traka ya mtoa huduma waliyemkubali, na kifaa cha mtaani hakitahesabika siku ya madai.

Mwenye magari ya kukodisha yuko upande wa pili kabisa. Mteja wake anao ufunguo na kitambulisho kwa ridhaa, kwa hiyo vizuizi havina kazi; fedha zote ziende kwenye traka ya nyaya yenye mipaka ya ramani, pamoja na ya kulala iliyofichwa. Hapa swali la mpaka ni la lazima. Gari likivuka Namanga, Busia au Tunduma, laini isiyo na huduma ya kutumika nje ya nchi huacha kutuma taarifa palepale ambapo inahitajika zaidi. Mfano mmoja unaojulikana ni wa Lexus RX 450 iliyoibwa Uingereza mwaka 2015: traka yake iliendelea kuzungumza ikipitia Ufaransa na Oman hadi bandari ya Mombasa, kisha Uganda, na kuwafikisha wapelelezi kwenye magari mengine ya wizi. Laini ya kifurushi cha ndani ingekuwa imenyamaza tangu bandari ya kwanza.

Pikipiki inavunja kanuni ya kuanza na kizuizi, kwani watu wawili wanaweza kuinyanyua na kuipakia kwenye gari bila kuiwasha. Kwa bodaboda, traka yenye kihisi cha mtikisiko na betri ya akiba inatangulia, na rilei ya kuzima hufuata. Kampuni zinazokopesha pikipiki hufunga traka kwa sababu hiyohiyo, ingawa lengo lao la kwanza ni kulinda mkopo. Sehemu mbili zinahitaji kuangaliwa: kifaa kistahimili maji, na kitumie umeme kidogo kinapolala, la sivyo pikipiki iliyoegeshwa wiki nzima itakutwa na betri iliyokufa.

Gari la thamani kubwa la kuwashwa kwa kitufe linahitaji vyote: kifuko cha ufunguo, imobilaiza ya ziada isiyotegemea nyaya za CAN, traka mbili na huduma yenye waangalizi. Uingereza, viwango vya Thatcham, kituo cha utafiti wa magari cha kampuni za bima, hutofautisha daraja S7, ambalo ni la kufuatilia tu, na S5, ambalo humtambua dereva na kuweza kuzuia gari lisiwake tena. Mgawanyo huo ni mizani nzuri ya kupimia ahadi za muuzaji hata mahali ambapo viwango hivyo havitumiki.

Kuhusu gharama, bei ya kifaa ndiyo sehemu ndogo. Uliza ada ya mwaka wa pili, nani anasajiliwa kuwa mwenye laini, kama kifaa ni cha 2G pekee, na nini kitatokea kampuni ikifungwa. Mtandao wa 2G bado unafanya kazi Afrika Mashariki, lakini AT&T ya Marekani iliufunga wake mwanzoni mwa 2017, na kifaa kinachotarajiwa kudumu na gari miaka mingi ni bora kiwe cha 4G. Dereva wa kuajiriwa ajulishwe kwa maandishi kwamba gari lina traka, kwa kuwa safari zake ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Na anayenunua gari lililotumika hapahapa nchini adai, pamoja na kadi ya gari na funguo zote mbili, kwamba akaunti ya traka ihamishwe kwa jina lake au kifaa king'olewe mbele yake, kwa sababu mmiliki wa zamani anayebaki na nenosiri anaweza kuona gari linalala wapi kila usiku, na pengine kulizima.